Programu za wavuti zenye hifadhidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule anayejua HTML, ameshika Python au PHP kidogo, na sasa ameombwa atengeneze mfumo wa kweli: wa SACCOS, wa ada za shule, wa stoo ya duka la dawa. Mifano karibu yote nimeichukua kwenye SACCOS, maana humo kuna watu, fedha, tarehe na ugomvi, na vitu hivyo vinne huonyesha upesi kama hifadhidata imekaa sawa. Msimbo ni wa Django, fremuweki ya Python (fremuweki ni msimbo uliokwisha kuandikwa wa kujengea programu juu yake), na hifadhidata ni PostgreSQL. Pale fremuweki za Laravel (ya PHP) au Rails (ya Ruby) zinapotofautiana, nimesema.

Fremuweki inanifanyia nini ambacho siwezi kukifanya mwenyewe?

Hakuna usichoweza. Ila ukiandika kila kitu kwa mkono utaishia kuwa na fremuweki yako mwenyewe, isiyo na maelezo na yenye matundu. Mwanachama akifungua ukurasa wa mikopo, ombi lake hufika kwenye seva. Lazima kitu fulani kisome anwani na kuamua ni kipande gani cha msimbo kilishughulikie, kihakikishe aliyeomba ameingia kwa nywila yake, kiulize hifadhidata, kipange majibu ndani ya HTML, kisha kiyarudishe. Kazi hiyo ni ileile kwa SACCOS na kwa gazeti. Django yenyewe ilizaliwa gazetini: kuanzia 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, kazi ambayo mhariri huitaka leo jioni. Mwaka 2005 ikatolewa kwa umma kama chanzo huria. Rails ilichomolewa na David Heinemeier Hansson ndani ya programu ya Basecamp, ikatoka 2004. Laravel ya Taylor Otwell ikafuata 2011.

Basi nichague ipi?

Ile ya lugha unayoijua. Kama hujui hata moja, jiulize nani atakayeushika mfumo siku ukihama au ukipata kazi kwingine, na mji wenu una watu wa PHP au wa Python. Laravel ina faida kwamba hosti nyingi za bei nafuu, zile za cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwa kivinjari), zimeandaliwa kwa PHP. Django inakupa ukurasa wa usimamizi uliokwisha kutengenezwa. Mhasibu anaweza kuanza kuingiza wanachama siku hiyohiyo ulipomaliza kuchora majedwali. Rails ni tamu kuiandika, lakini hakikisha kwanza utampata wa kukusaidia karibu. Mjadala huu watu huupigia kelele kuliko unavyostahili. Mfumo mbovu niliouona mara nyingi ulikuwa mbovu kwenye majedwali, na majedwali mabovu hayaponi kwa kubadilisha fremuweki.

Majedwali yapangwe vipi?

Hapa ndipo pa kukaa na karatasi na kalamu kabla ya kufungua kompyuta.

Wazo la kuhifadhi data kwa majedwali yanayohusiana lilielezwa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970, na shina lake ni jepesi: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Jina la mwanachama liko kwenye jedwali la wanachama. Mkopo haubebi jina, unabeba namba ya mwanachama. Mama Asha akibadilisha namba ya simu, inabadilishwa mstari mmoja, na mikopo yake yote inaiona.

Kosa linaloonekana sana ni jedwali lililonakiliwa kutoka Excel: safu ya mchango_januari, mchango_februari, mpaka Desemba. Mwaka ukiisha, utaongeza safu nyingine 12? Na aliyelipa mara mbili mwezi Machi utamwandika wapi? Mchango mmoja uwe mstari mmoja: nani, kiasi gani, lini, kwa njia gani.

```
class Mchango(models.Model):
    mwanachama = models.ForeignKey(Mwanachama, on_delete=models.PROTECT)
    kiasi = models.DecimalField(max_digits=14, decimal_places=2)
    tarehe = models.DateField()
    risiti = models.CharField(max_length=40, unique=True)
```

Tazama `PROTECT`: inakataa kumfuta mwanachama mwenye michango. Mafunzo mengi ya mtandaoni huandika `CASCADE`, maana yake ukimfuta mwanachama, michango yake yote inafutika naye. Kwa blogu sawa. Kwa fedha za watu, hapana.

Salio la mwanachama nilihifadhi kwenye safu yake?

Anza kwa kutolihifadhi. Salio ni jumla ya miamala, na hifadhidata inajua kujumlisha. Ukiwa na safu ya salio ambayo mtu anaweza kuihariri, siku moja itatofautiana na miamala na hutajua ipi inasema kweli. Muamala uliokosewa nao usifutwe wala kurekebishwa. Andika mwingine wa kuutengua, kama wahasibu walivyofanya karne nyingi kabla ya kompyuta. Miamala ikifika mamilioni na kujumlisha kukawa kuzito, hapo ndipo utahifadhi salio, na utalihesabu upya kila usiku kulinganisha.

Fedha niziweke kama namba ya aina gani?

Usitumie float. Kompyuta huhifadhi float kwa mfumo wa mbili, na 0.1 haiandikiki kikamilifu humo, jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python, utapata 0.30000000000000004. Tumia decimal, au namba kamili za kipimo kidogo kabisa cha fedha hiyo. Kama mfumo utapokea fedha za nchi kadhaa, usidhani zote zina desimali mbili: shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda kwa kanuni za ISO hazina hata moja, na riali ya Oman ina tatu, maana riali moja ni baisa 1,000. Wanachama wanaotuma kutoka Muscat si hadithi.

Na namba ya simu? Ya kitambulisho?

Zote ni maandishi, japo zina tarakimu tupu. Hutazijumlisha kamwe. Ukihifadhi 0712… kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Zihifadhi simu zote kwa mtindo mmoja wa kimataifa, +255, +254 na kuendelea, na uzibadilishe kuwa hivyo mtu anapoingiza, si wakati wa kutafuta. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20, na hata safu ya `bigint` haiwezi kuibeba: mwisho wake ni tarakimu 19.

Tukiwa hapo: fomu isimlazimishe mtu kuwa na jina la kwanza na la ukoo. Wapo wenye majina matatu, manne, na wapo wenye moja. Safu moja ya jina kamili inatosha SACCOS nyingi.

Naweza kuyapa majedwali majina ya Kiswahili?

Unaweza, na mimi napendelea, kwa sababu bodi ikisema "dhamana" wewe hutafsiri chochote kichwani. Ila fremuweki hizi hutengeneza wingi kwa kanuni za Kiingereza. Django itakuandikia "Mwanachamas" kwenye ukurasa wa usimamizi mpaka umwambie:

```
class Meta:
    verbose_name_plural = "wanachama"
```

Laravel utaiwekea `$table` kwenye modeli, na Rails utaandika wingi wako kwenye faili la inflections. Maneno ya vitufe na ujumbe wa makosa wa Django tayari yapo kwa Kiswahili; weka `LANGUAGE_CODE = "sw"`, ingawa tafsiri nyingine utataka kuzisahihisha.

PostgreSQL, MySQL au SQLite?

SQLite ni faili moja, nzuri ya kujifunzia na hata ya mfumo mdogo, lakini huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati. Kwa mfumo wa fedha wenye watumiaji kadhaa chukua PostgreSQL. MySQL na MariaDB zinafaa pia, na kwenye hosti ya bei nafuu huenda ndizo pekee utakazopewa. Ukitumia MySQL, hakikisha herufi ni utf8mb4. Ile inayoitwa utf8 tu kwa kawaida huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji ya kwanza kwenye maelezo ya mkopo itakataliwa.

Migresheni ni nini? Kwa nini nisiongeze safu moja kwa moja kwenye hifadhidata?

Migresheni ni faili linaloandika badiliko la majedwali, ili kompyuta yako, ya mwenzako na seva ziwe na umbo moja. Ukibadilisha kwa mkono kwenye seva, badiliko hilo linajulikana na wewe peke yako, na kwa muda mfupi tu.

Kwenye Django unabadilisha modeli, unaandika `makemigrations`, unasoma faili lililotengenezwa, kisha `migrate`. Hatua ya kusoma ndiyo inayorukwa. Ukibadilisha jina la safu kutoka simu kuwa namba_ya_simu, Django itakuuliza kama umebadilisha jina. Ukijibu hapana kwa haraka, itaifuta safu ya zamani na kutengeneza mpya tupu, na simu za wanachama wote zitakwenda nayo.

Tofauti nyingine inayouma: PostgreSQL huweza kuweka mabadiliko ya majedwali ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (hatua kadhaa zinazofanyika zote au isifanyike hata moja), hivyo migresheni ikikwama katikati kila kitu hurudi kilivyokuwa. MySQL haiwezi. Ikikwama hatua ya tatu kati ya tano, mbili za kwanza zimebaki, na utazinyoosha kwa mkono usiku.

Ukurasa wangu ulikuwa mwepesi nikiwa na data ya majaribio, sasa unachukua sekunde nane. Ninunue seva kubwa?

Bado. Kwanza hesabu ni mara ngapi ukurasa huo unaiuliza hifadhidata. Sababu ya kawaida kuliko zote ni hii:

```
for mkopo in Mkopo.objects.all():
    print(mkopo.mwanachama.jina)
```

Inasomeka kama swali moja. Kwa kweli ni swali moja la kuleta mikopo, halafu moja zaidi kwa kila mkopo kumtafuta mwenyewe. Mikopo 50, maswali 51. Ni kumtuma mtoto dukani mara 50 kuleta kijiko kimoja kimoja cha chumvi. Kwenye kompyuta yako, ambako hifadhidata iko palepale na una mikopo mitano, huoni kitu.

Dawa ni kumwambia Django alete vyote pamoja:

```
Mkopo.objects.select_related("mwanachama")
```

Hapo inakuwa swali moja. Kwa uhusiano wa upande wa pili, mwanachama mmoja mwenye michango mingi, tumia `prefetch_related`, itakuwa maswali mawili. Laravel huandika `Mkopo::with('mwanachama')` na Rails `includes(:mwanachama)`. Weka django-debug-toolbar tangu siku ya kwanza ili idadi ya maswali iwe mbele ya macho. Laravel inaweza hata kukataa kabisa tabia hiyo ukiwa kwenye majaribio, kwa `Model::preventLazyLoading()`, na ningependa iwashwe kwenye kila mradi mpya.

Maswali yakishapungua na bado ukurasa ni mzito, ndipo uje kwenye faharasa (index), orodha inayoionyesha hifadhidata mstari uko wapi. Bila faharasa, kutafuta michango ya mtu mmoja ni kusoma jedwali lote. Andika `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya swali lenyewe kwenye PostgreSQL. Ukiona Seq Scan (kusoma jedwali lote) juu ya jedwali kubwa kwa ajili ya mistari michache, hapo pana kazi. Django huweka faharasa yenyewe kwenye kila ForeignKey. Laravel juu ya PostgreSQL haiweki, na hili huwashangaza waliotoka MySQL, ambayo huiweka. Lakini usiweke faharasa kila safu: kila mstari mpya hulazimika kuandikwa kwenye faharasa zote.

Wahudumu wawili wakibonyeza "Toa fedha" kwa wakati mmoja?

Mwanachama ana 300,000. Mhudumu wa dirisha la kwanza anatoa 200,000, wa pili naye 200,000, sekunde ileile. Wote wawili wanasoma salio 300,000, wote wanaona linatosha, wote wanaandika. SACCOS imetoa 400,000.

Haitoshi kukagua kwa `if`. Ukaguzi na uandishi viwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, na akaunti ifungwe kwanza:

```
with transaction.atomic():
    akaunti = Akaunti.objects.select_for_update().get(pk=pk)
    if akaunti.salio_sasa() < kiasi:
        raise SalioHalitoshi
    Muamala.objects.create(akaunti=akaunti, kiasi=-kiasi)
```

Wa pili atasubiri mpaka wa kwanza amalize, na atakaposoma ataona 100,000. Muamala wa hifadhidata pia ndio unaohakikisha kwamba umeme ukikatika kati ya kumtoa huyu na kumwingizia yule, hakuna lililofanyika nusu.

Nikiunganisha malipo ya M-Pesa, nijihadhari na nini?

Safaricom, kupitia Daraja (API yake ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), haikurudishii jibu la malipo papo hapo. Unatuma ombi, simu ya mteja inamwomba PIN, na baadaye seva yao inaita anwani yako kukuambia imekuwaje. Mitandao mingine ya fedha za simu ina mtindo unaokaribiana.

Chukulia kwamba mwito huo unaweza kuja mara mbili, kuchelewa, au usifike kabisa. Ukija mara mbili, usimwongezee mtu fedha mara mbili: ndiyo sababu ya `unique=True` kwenye risiti kule juu. Sharti hilo likiwa ndani ya hifadhidata, hata msimbo wako ukikosea mstari wa pili utakataliwa. Usipofika, uwe na kazi inayopita kila baada ya dakika kadhaa, ichukue malipo yanayosubiri na kuuliza hali yake. Na kwa kuwa anwani hiyo iko wazi kwenye intaneti, mtu akiijua anaweza kuituma habari za uongo; kabla ya kumpa mtu fedha, linganisha kiasi na namba ya ombi ulilolituma mwenyewe, na uulize tena upande wa pili.

Hifadhi ujumbe mzima ulivyokuja kwenye jedwali lake kabla ya kufanya chochote. Siku ya ugomvi utaushukuru.

Fremuweki inanilinda dhidi ya wadukuzi?

Kwa sehemu kubwa, usipoizima. Ukitumia modeli, maandishi ya mtumiaji hayageuki kuwa amri za SQL. Kiolezo cha Django hakiruhusu mtu apachike msimbo wake wa JavaScript kwenye ukurasa. Tokeni ya CSRF huzuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji wako. Nywila huhifadhiwa baada ya kusagwa (hash) zisiweze kusomwa, kwa PBKDF2 kwenye Django na bcrypt kwenye Laravel, na hakuna sababu ya kuandika za kwako.

Isichokulinda ni ruhusa. Mwanachama akiona `/mikopo/417/`, atajaribu 418. Fremuweki haijui mkopo ni wa nani:

```
get_object_or_404(Mkopo, pk=pk, mwanachama=request.user.mwanachama)
```

Ya pili ni fomu zinazopokea kila kitu. Ukiandika `fields = "__all__"`, mtu anaweza kuongeza safu ambayo hukuionyesha kwenye ukurasa, mathalani `imeidhinishwa=True`. Machi 2012 kasoro ya jamii hiyo ilitumiwa kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo iliyojengwa kwa Rails: mtu akajiongezea ufunguo na kuandika ndani ya hazina ya Rails yenyewe. Taja safu unazozipokea, moja moja.

Nahitaji React?

React ni maktaba ya JavaScript ya kuchora kurasa ndani ya kivinjari. Pengine huihitaji. Kurasa zinazotengenezwa kwenye seva ni nyepesi kwa simu ya kawaida na bando dogo, na hutunzi programu mbili. Ukitaka sehemu ya ukurasa ibadilike bila kupakia upya, kuna htmx, Livewire ya Laravel na Hotwire ya Rails.

Ripoti ya mwezi inaweka michango ya tarehe 1 kwenye mwezi uliopita. Kwa nini?

Kwa sababu saa zimehifadhiwa kwa UTC (saa rasmi ya kimataifa), na inapaswa ziwe hivyo, lakini ripoti imekatwa kwa UTC pia. Mchango wa Julai 1 saa sita na nusu usiku Dar es Salaam, kwa UTC ni Juni 30, 21:30. Weka `TIME_ZONE = "Africa/Dar_es_Salaam"` na ukate mwezi kwa saa za hapo. Ukiwa na tawi Lubumbashi, kumbuka wao wako saa moja nyuma.

Utafutaji wa maneno kwa Kiswahili unafanya kazi?

PostgreSQL ina utafutaji wa maandishi uliojengwa ndani, lakini haina kanuni za Kiswahili. Ukiacha za Kiingereza, zitakata miisho ya maneno, ilhali kwetu mabadiliko mengi yako mbele: kitabu na vitabu, anakopa na walikopa. Tumia usanidi wa `simple`, au kiendelezi cha pg_trgm kinacholinganisha vipande vya herufi tatutatu. Hiki cha pili husaidia pia kwa majina yaliyoandikwa Mohamed, Mohammed na Muhamed.

Kuna sheria ya data za watu?

Ipo. Za Kenya na Uganda ni za 2019. Ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Soma ya nchi yako, ujue kama taasisi inatakiwa kujisajili. Kwa vitendo: usikusanye usichokihitaji, na picha za vitambulisho zisikae kwenye folda ambayo kila mwenye kiungo anaifungua.

Niiweke wapi ikishakamilika?

VPS (seva pepe ya kukodi) ndogo yenye nginx na Gunicorn, zinazopokea maombi na kuendesha Django, pamoja na PostgreSQL inaitosha SACCOS ya watu mia kadhaa bila kutoa jasho. HTTPS ni bure kupitia Let's Encrypt. Kwenye mipangilio ya Django weka `DEBUG = False`, na `SECRET_KEY` isiingie kwenye Git. Endesha `manage.py check --deploy`, itakutajia ulichosahau.

Nakala rudufu?

`pg_dump` (amri ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata) kila usiku kwa cron, kipanga ratiba cha seva, na faili litoke nje ya seva hiyo, likiwa limesimbwa. Kila mwezi lirudishe kwenye kompyuta nyingine, uhesabu wanachama, ulinganishe jumla ya michango na ile ya mfumo ulio hai. Faili ambalo halijawahi kurudishwa usilitegemee.

Nibadilishe toleo lini?

Chukua matoleo ya LTS (yanayotunzwa kwa muda mrefu) ya Django. Kila moja hupewa marekebisho ya usalama kwa takriban miaka mitatu. 5.2, iliyotoka Aprili 2025, itatunzwa hadi Aprili 2028. Laravel hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulilinda kwa miaka miwili. Unapoandikiana mkataba na SACCOS, bei ya kazi hiyo iwemo, kwa sababu wao hawataiona mpaka uwatajie.